Mkasi wa Dakika Tatu

Kabla hujamtukana mtu aliyekupunguzia kasi ya intaneti, nataka ujue kwamba mtu huyo nilikuwa mimi. Si wa leo, usinitazame hivyo. Wa leo simjui, na nadhani ni mashine. Lakini miaka ya sabini na themanini, hapa Isiolo, ukitaka kuongea na mtu wa Nairobi ilikuwa lazima upitie mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyeamua utaongea lini, utaongea kwa muda gani, na nikukatie wapi. Nilikuwa opareta wa simu. Jina langu ni Kathure, lakini mjini waliniita Mkasi.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi alikuwa anatazama sinema kwenye simu, bando ikafika mahali fulani, picha ikaanza kutambaa. Akaruka kitini. "Shosho, hawa watu wanatubana makusudi!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Maskini, alidhani amegundua siri. Ndiyo, vijana wangu, wanawabana makusudi. Mimi nilibana watu makusudi miaka mingi, na kwa kazi hiyo nilipewa mshahara, sare na kiti cha kuzunguka.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya posta. Mbele yangu kulikuwa na ubao mrefu wenye matundu, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha shaba. Mwenye simu akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko chake kinaanguka, ta! Nachomeka plagi, nasema, "Namba tafadhali." Akitaka mtu wa hapa mjini, nachukua plagi ya pili, nachomeka kwa huyo mwingine, wanaongea. Ofisi, hospitali, polisi, misheni, maduka makubwa na bucha moja, hao ndio walikuwa na simu. Wengine wote walikuja posta, wakaagiza dirishani, wakakaa kwenye benchi wakingoja kuitwa ndani ya kibanda cha mbao chenye mlango wa kioo.

Ndani ya mji hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kutoka nje. Kwenda Nanyuki na kuendelea hadi Nairobi tulikuwa na laini tatu tu, na moja kati ya hizo hatukuigusa. Iliachwa wazi kwa hospitali na polisi. Watu wa benchi walikuwa wananiona kupitia mlango, wanaona tundu moja halina plagi, na mimi nawaambia laini zimejaa. Unafikiri walinipenda? Lakini siku hospitali ilipotaka damu haraka kutoka Nanyuki, laini ile ilikuwa tayari kabla daktari hajamaliza sentensi. Hakuna mtu aliyerudi kutushukuru kwa kuwanyima simu siku zote hizo nyingine. Kazi ya kubana ni hivyo, faida yake haionekani.

Laini mbili zilizobaki zilikuwa za watu wengine wote, na watu wengine wote walikuwa na mambo. Mwenye mifugo anataka bei ya soko. Mwalimu anataka kujua karatasi za mtihani zimetoka au bado. Mtu akikaa saa nzima kwenye laini, wengine ishirini wanalala na njaa ya habari. Ndiyo maana kukawa na dakika tatu. Ukimaliza zako na bado una maneno, unarudi mwisho wa foleni kama kila mtu.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Mbaya nilikuwa mimi.

Wiki ya kwanza nilikuwa nasumbua kwa njia nyingine. Nilitoka kwetu Meru nikiamini kwamba mtu wa mbali huitwa kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele kwenye simu kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto. Msimamizi wetu, Bwana Mutiso, mtu mpole aliyependa chai ya tangawizi, alitoka ofisini kwake akasimama nyuma yangu. "Kathure," akasema, "ukiendelea hivyo hatutahitaji waya." Akanifundisha kwamba laini mbaya huongewa kwa sauti ya chini, polepole, maneno mazima. Ukipiga kelele, kelele yako inakutana na ya laini, na hakuna anayesikia kitu. Nilipata pia kujua mvua ya Timau, njiani kwenda Nanyuki, kwa masikio: ikianza kunyesha kule, huku kwetu waya zinachemka kama mafuta ya mandazi.

Wiki iyo hiyo nilimuunganisha mfanyabiashara wa miraa na padri. Yule bwana hakungoja kusikia ni nani, akaanza moja kwa moja kueleza mzigo wake, gari litakalobeba na watu wasiofaa kuaminiwa. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwombea safari njema. Huyo mfanyabiashara hakuagiza simu tena nikiwa zamu.

Hayo yalikuwa makosa ya mgeni. Kosa lenyewe lilikuja nilipoanza kuijua kazi. Nilinunua saa ile ya mwalimu wa michezo, ya kubonyeza, nikaivaa shingoni kwa kamba nyekundu. Niliivaa hata nikienda sokoni. Kila simu ikianza nabonyeza. Ikifika dakika mbili na nusu naingia katikati: "Nusu dakika." Ikifika tatu, nang'oa plagi. Sikungoja mtu amalize neno. Wenzangu wa zamu nyingine walikuwa wanaacha watu waage. Mimi nilisema sentensi yako ni shida yako, na nilijiona nalinda mali ya taifa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiti cha kuzunguka. Unaweza kufikiria.

Siku moja nilikuta bahasha ya gazeti dirishani, imeandikwa "Madam wa simu". Ndani kulikuwa na mkasi wa kushonea wenye kutu. Jina lilianzia hapo. Nami, kwa ujinga wangu, niliona ni sifa, nikauning'iniza kwenye msumari karibu na ubao.

Sasa nikuambie habari ya Mzee Jarso.

Mzee Jarso alikuwa Mborana wa Kulamawe, mrefu, mwenye kilemba cheupe na fimbo aliyoiacha mlangoni kwa heshima. Kijana wake Wario alikuwa askari wa geti katika ofisi moja huko Nairobi. Walikuwa wamepatana: kila Jumatano mchana Wario anaagiza simu kutoka huko, na mzee anakuwa kwenye benchi letu, akiwa ameshuka na lori asubuhi. Alikuwa akinipita ananisalimu, "Habari msichana ya posta," nami najibu bila kuinua macho, maana macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Kazi yetu haikuturuhusu kusikiliza maneno ya watu, lakini lazima uingie kidogo kuhakikisha laini haijakufa. Kila nilipoingia kwa Mzee Jarso nilisikia kitu kilekile. Salaam aleikum. Kisha, "Nagaa?" Na kule, "Nagaa." "Warri nagaa?" "Nagaa." "Loon nagaa?" "Nagaa." Sikujua Kiborana. Nilijua tu kwamba watu wawili wazima wanatumia laini ya serikali kuambiana neno moja. Baadaye nilipata kujua kwamba ni amani wanaulizana: ya nyumba, ya ng'ombe, ya watoto, ya jirani, ya malisho, ya shangazi aliyeolewa Garba Tula, ya mvua. Na kila moja lazima ijibiwe.

Kulikuwa pia na kitu cha kuwachelewesha zaidi, na hicho kilikuwa chetu. Bwana Mutiso alinieleza: kuanzia Nanyuki sauti nyingi zilipita pamoja kwenye waya, kwa hiyo mitambo ilipunguza kila sauti, ikakata ile ya juu kabisa na ile nzito ya chini, ili nyingi zitoshee. Unabaki na ya katikati, inayotosha kueleweka. Hata sauti yako ilibanwa, mwanangu, siyo dakika zako tu. Kwa hiyo kila Jumatano Mzee Jarso alikuwa akisikia sauti ya mtoto wake imekonda, na kila Jumatano alishtuka upya. "Sauti yako ni nyembamba. Unakula? Uko na homa? Nani anapika?" Hapo dakika nyingine imekwenda.

Jumatano ninayokumbuka, walifika kwa ng'ombe wa shangazi. Nikasema, "Nusu dakika." Mzee akauliza juu ya homa. Nikang'oa.

Mzee akatoka kibandani, akachukua fimbo yake, akasema, "Mtoto iko salama," akaenda kutafuta lori la kurudi Kulamawe. Kwake simu ilikuwa imekwenda vizuri.

Haikupita muda, opareta wa Nairobi akaniita. Kuna kijana huku analia, akasema, ongea naye mwenyewe. Alikuwa Wario.

"Sista, umenikata kabla sijasema kitu."

"Ulikuwa na dakika tatu."

"Sista, sikiza. Dada yangu Talaso amepata chuo ya uuguzi. Barua ilipotea. Nimeenda kwa chuo leo, nimeona jina yake kwa ubao na macho yangu. Anatakiwa Jumatatu asubuhi na cheti yake ya shule. Akikosa, wanapatia mwingine."

Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso kwa mikono. Nilimwuliza, "Sasa hiyo si sentensi moja? Kwa nini hukuisema kwanza?"

Akasema, kwa upole kabisa, "Nimwambie baba habari ya Nairobi kabla sijauliza ng'ombe?"

Nilimwambia kazi yangu si kupeleka ujumbe, aagize simu tena, aingie kwenye foleni. Nilisema hivyo, kwa sauti ile ya chini niliyofundishwa. Halafu nikatazama dirishani na benchi lilikuwa tupu, na lori la Kulamawe lilikuwa limeondoka.

Fundi wetu wa waya alikuwa Mturkana aitwaye Ekai, mtu mwembamba aliyepanda nguzo kana kwamba ni ngazi ya kwao. Yeye ndiye aliyejua barabara zote, maana twiga walikuwa wakipita wanakata waya kwa shingo na yeye anafuata nyuma akiunga. Jioni ile aliniona nimekaa na saa yangu shingoni bila kuibonyeza, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza. Nilitegemea atanifariji.

"Wewe Mkasi ni mjinga," akasema. "Hawa watu hawachezi na laini. Huyo kijana akisema neno ya msichana kabla ya ng'ombe, baba atajua mtoto amepotea huko mjini, amekuwa mtu ya ovyo. Na mtu ya ovyo nani atampelekea msichana?"

"Basi nifanye nini?"

"Kesho niko na kazi upande wa Kulamawe. Nitapitia. Lakini usidhani mzee atachukua neno yangu."

Akanitafsiria pia maswali yao ya nagaa moja baada ya jingine, la mwisho mvua, ndipo habari. Nikaagiza simu mwenyewe, ya Ijumaa saa nne, nikampelekea Wario habari kupitia kwa yule opareta wa Nairobi. Hapo nilikuwa nimevunja sheria mbili kabla sijafikia ile kubwa.

Ijumaa asubuhi nilifika kazini kabla ya mfagiaji. Alhamisi twiga walikuwa wamepita tena, laini moja imekatika, na ile ya hospitali haikuguswa kama kawaida. Kwa hiyo Isiolo nzima ilikuwa na laini moja. Benchi lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni.

Saa nne kasoro akaingia Mzee Jarso. Nyuma yake alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na minane hivi, kichwa kimefunikwa vizuri, ameshika sanduku la bati kwa mikono yote miwili. Huyo ndiye Talaso. Ekai aliwafuata akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimemwambia kila kitu," Ekai akaninong'oneza. "Amesema asante, lakini msichana haendi Nairobi kwa neno ya fundi ya posta. Atasikia kwa mdomo ya kijana yake."

"Na sanduku?"

"Hiyo ni mama yake amepanga. Mama ameshasikia."

Basi la kumfikisha kabla ya Jumatatu lilikuwa la Jumamosi alfajiri. Baada ya hapo hakukuwa na lingine mpaka Jumatatu yenyewe. Talaso hakukaa. Alisimama karibu na kibanda, sanduku mkononi, akinitazama mimi. Hakumtazama baba yake, alinitazama mimi. Alikuwa amesikia jina langu, nina hakika.

Nikaunganisha. "Nairobi, ongea." Na kwa mkono uliozoea, nikabonyeza saa.

Salaam aleikum. Nagaa? Warri nagaa?

Kutoka Jumatano hadi Ijumaa ni siku mbili, na katika siku mbili ng'ombe wanaweza kufanya mambo mengi. Wakaanza upya. Ng'ombe, watoto, jirani, malisho. Dakika moja. Shangazi wa Garba Tula. Dakika mbili. Saa ikafika mbili na nusu, nikafungua mdomo kusema nusu dakika, na mdomo ukabaki wazi bila kitu. Dakika tatu zikaja. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika plagi. Zikapita.

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo umejijengea jina, kisha ukalivunja mbele ya watu. Benchi lote lilikuwa linajua hesabu yangu. Ilipofika dakika ya nne mtu mmoja akasema, "Mkasi amelala?" Ya tano, wakaanza kusimama kuchungulia. Nilikuwa natokwa jasho kama mimi ndiye ninayepelekwa chuo.

Kisha kifuniko kikaanguka. Alikuwa mkubwa mmoja wa ofisi ambayo sitaitaja, na alitaka Nairobi sasa hivi. Watu wa aina yake walikuwa na haki ya kupita mbele ya foleni. Ilikuwa lazima nimng'oe Mzee Jarso nimpe yeye.

"Samahani bwana," nikasema. "Laini ina hitilafu. Mafundi wanashughulikia."

Ekai, aliyekuwa ameegemea mlango anakunywa chai ya Bwana Mutiso, akanitazama. Nadhani hakuwahi kuniona nikidanganya.

Kosa la uongo huo lilikuwa moja: Isiolo ni ndogo. Mkubwa aliweka simu, akavaa kofia, akaja kwa miguu kuona hiyo hitilafu. Aliingia dakika ya nane, akakuta Mzee Jarso ndani ya kibanda, mlango uko wazi kwa sababu ya joto, anauliza kwa sauti ya kuridhika kabisa, "Sauti yako ni nyembamba. Unakula?"

"Hiyo ndiyo hitilafu?" mkubwa akauliza.

Bwana Mutiso akatoka ofisini. Akatazama ubao, akatazama saa yangu, akamtazama mkubwa. "Kathure," akasema. "Kata."

Nilisema, "Ndiyo bwana." Nilishika plagi. Talaso aliliweka sanduku chini kwa mara ya kwanza tangu aingie, polepole, kama mtu aliyeambiwa arudi nyumbani. Nami niliogopa, sitaki kukudanganya. Niliogopa mkubwa, niliogopa kufutwa, na kwetu Meru kulikuwa na wadogo zangu wanaosoma kwa mshahara ule. Lakini mkono uligoma. Niliuambia vuta, ukakataa. Mtu akikuambia nilikuwa shujaa, mwambie ulikuwa mkono tu.

"Bwana," nikasema, "amebakisha mvua tu. Baada ya mvua wanafika kwa habari."

Na ni kweli, walikuwa kwenye mvua. Kisha Mzee Jarso akaacha kuuliza. Alisikiliza muda mrefu, akisema "ee" na "ee" tu. Akauliza swali moja fupi. Akasikiliza jibu. Akasema neno la kuaga, akaweka simu mahali pake taratibu, akatoka.

Alimtazama binti yake, si sisi. Akamwambia kwa Kiborana, maneno machache. Talaso akainama akachukua sanduku tena, na nilipoona jinsi alivyolishika, sikuhitaji mkalimani.

Kisha mzee akamwona mkubwa. Akaona ni mtu wa heshima, amesimama, na hakuna aliyemsalimu. Akamwendea mkono mbele. "Salaam aleikum. Habari yako? Habari ya nyumbani? Watoto wako salama? Ng'ombe?" Mkubwa yule, aliyekuwa na haraka ya kuishinda Nairobi yenyewe, akasimama akajibu moja baada ya nyingine. Ningebonyeza saa, ningeona wamepita tatu.

Nilipata barua. Kuzuia laini ya umma, kutoa taarifa ya uongo kwa afisa, kupuuza amri ya msimamizi. Bwana Mutiso aliiandika mwenyewe, na alipokuwa ananipa alisema, "Nimeandika kila kitu isipokuwa ile ya mvua, hawataielewa." Mwaka ule walikuwa wanachagua watu wa kwenda kozi ya mitambo ya kisasa. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na barua ile ikalifuta. Niliumia. Bado inaniuma kidogo, hasa nikiwaona waliokwenda na nyumba zao za ghorofa.

Ule mkasi wa kutu niliushusha msumarini nikampa Ekai, akautumia kukatia gome la waya mpaka ukavunjika.

Nikaja na mpango mpya, nikiwa na akili nyingi kama kawaida yangu. Niliona kinachomaliza dakika ni salamu, basi salamu zifanyike kabla laini haijafunguliwa. Nikajifunza Kiborana cha salamu kwa Ekai, aliyekijua kwa lafudhi mbaya. Jumatano iliyofuata nikamfuata Mzee Jarso kwenye benchi, nikamwuliza yote, warri, loon, watoto, shangazi, mvua. Alifurahi sana. Akajibu yote, naye akaniuliza ng'ombe wa kwetu Meru, ambao hatukuwa nao. Kisha akaingia kibandani akaanza upya kutoka salaam aleikum. Nikagonga kioo nikamwambia, "Mzee, si tumeshamaliza?"

"Hiyo ilikuwa yako," akasema. "Sasa wacha nisalimie mtoto yangu."

Basi nikafanya kitu kingine, na sasa nakiri kwa maandishi kwa sababu wote wa kunifukuza wameshakwenda zao. Saa yangu ikawa haibonyezwi mpaka habari ianze. Ukisalimu, hujaanza. Ukisema "sasa sikiza", hapo ndipo nabonyeza. Foleni ilirefuka kidogo, na Bwana Mutiso alianza kuja na chai yake kusimama nyuma yangu bila kusema lolote.

Miaka ya themanini waliponiletea kabati la mitambo mapya, fundi wa Nairobi alinionyesha ndani. Lilikuwa na nafasi ya mazungumzo kumi na mawili kwa pamoja. Matano yamefunguliwa, saba yamefungwa. Nikamwuliza hayo saba yameharibika? Hapana, yako sawa, yatafunguliwa ikiamuliwa. Na nani? Akaelekeza kidole juu. Nilidhani anasema Mungu, kumbe anasema Nairobi. Kwa hiyo mjukuu wangu akiniambia waya wa siku hizi ni mnene na yeye anapewa tone, namwelewa. Wakati mwingine wanabana kwa sababu njia ni finyu na watu ni wengi. Wakati mwingine wanaacha nafasi kwa mgonjwa usiyemjua. Wakati mwingine aliyelipa zaidi amepita mbele yako. Na wakati mwingine kuna mtu tu amejipenda na saa yake. Ukilalamika, jua kwanza unalalamikia ipi.

Siku walipokuja kung'oa ubao wangu, Mzee Jarso alikuwa kwenye benchi, mkongwe sasa, fimbo ameiegemea badala ya kuiacha mlangoni. Nikamweleza kwamba kuanzia sasa mtu anazungusha namba mwenyewe, hakuna opareta katikati. Alifikiri kidogo. "Na wewe?" akauliza. "Ng'ombe yako nitauliza nani?"

Mzee alishafariki. Talaso alimaliza chuo, akafanya kazi hospitali mbalimbali, na sasa ni mstaafu kama mimi, anakaa Nairobi kwa watoto wake. Kila Jumatano mchana ananipigia ile ya picha. Anaanza na salaam aleikum, ananiuliza nyumba, watoto, goti langu, jirani, mvua, na ng'ombe wale ambao mpaka leo sina. Namjibu kila kimoja. Wiki iliyopita tulikuwa tumefika kwenye mvua, bando yake ikabanwa, uso wake ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Mjukuu wangu akanyoosha mkono. "Shosho, imekwama. Kata, upige tena."

Nikaiweka simu mbali naye. Nilimwambia bado hatujafika kwa habari, na mimi kazi ya kukata nilishastaafu. Tukakaa tukingoja uso wa Talaso urudi.